Kifuniko Mfukoni

Sisi tuliozaliwa pwani huijua nguruzi kabla ya kuijua alifu. Nguruzi ni kile kizibo cha mti kinachotiwa katika tundu la chini ya chombo. Chombo kikiwa kimepandishwa mchangani, nguruzi hutolewa ili maji yaliyotuama ndani yatoke. Na kabla ya kukishusha, hurudishwa. Hakuna mtoto wa mvuvi ambaye hajapata kusimuliwa kisa cha nahodha hodari aliyeshusha mashua yake mbele ya watu, akashika kasia kwa madaha, kisha akaona vifundo vya miguu yake vimeloa. Visa hivyo nimevicheka tangu utotoni. Mwezi wa Juni 2024, mbali kabisa na bahari, katika ua wa nyumba moja nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kisa kile kikawa changu mimi. Tofauti ni kwamba nahodha yule alisahau kuziba, nami nilisahau kuzibua.

Chombo chenyewe hakikuwa cha majini. Kilikuwa droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo wengine wamekwisha kuibatiza ndege nyuki kwa mlio wake. Wala haikuwa mali yangu. Mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa Unguja aliyeonja kazi hii pale ilipoanza ile kazi kubwa ya kuvipiga ramani visiwa vyetu kwa droni mwaka 2016, chini ya Kamisheni ya Ardhi, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishirikishwa. Tangu siku hizo hakutamani tena kazi ya ofisini. Leo anapiga picha za arusi na za mahoteli, na droni kwake ni kama jembe kwa mkulima: siku haipo, siku hiyo hakuna chakula. Nilipomwomba aniazime kwa siku kumi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yako hiyo, Mjomba." Angesema nini? Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kwanza kumpeleka skuli.

Hakunipa hivi hivi. Kwa wiki mbili alinifundisha jioni katika uwanja wa mpira, akanihangaikia karatasi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali, maana sheria haimruhusu mtu kurusha kitu hiki apendavyo. Kila jioni alianza somo kwa maneno yale yale: "Kwanza kifuniko, Mjomba. Kila kitu baada ya kifuniko." Nami niliyefundisha miaka thelathini na moja nilimwona anarudia mno, kama mwalimu mgeni asiyewaamini wanafunzi wake.

Hapa sina budi nieleze kifuniko ni nini. Kamera ya droni haikupigiliwa kwenye mwili wake. Imening'inizwa katika mkono mdogo wenye mota tatu zisizozidi ukubwa wa kifungo cha koti, na mkono huo vijana wanauita gimbali. Ndege ikiinamia kushoto kwa upepo, mota zinaigeuza kamera kulia kwa kadiri ile ile, na picha inabaki imetulia. Aliyepata kuiona dira ya jahazi ndani ya kasha lake, imetundikwa kwa pete mbili ili chombo kiyumbe nayo isiyumbe, amekwisha kuielewa gimbali. Kwa kuwa mkono huo ni dhaifu, wakati wa safari hufungwa kwa kifuniko cha plastiki kinachoukamata usicheze. Na droni inapowashwa, jambo la kwanza inalofanya ni kuijaribu shingo yake: kamera hutazama juu, chini, kushoto, kulia, ikitafuta mstari wa upeo ili ijue ulalo wa dunia uko wapi. Basi mtu akiiwasha na kifuniko kimo, mota hujitutumua dhidi ya plastiki isiyosogea, kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni akitaka kusema.

Safari yangu ilikuwa ya kumwona rafiki. Nitamwita Mwalimu tu, kama wanavyomwita jirani zake. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu huko Bara mwishoni mwa miaka ya 1970, tukagawana kitabu kimoja cha arudhi na blanketi moja la akiba. Yeye ni Mnyakyusa, na Kiswahili alikikuta darasani. Lakini vina vyangu vilivyopotoka alikuwa akivisahihisha yeye, na kwa miaka mingi tulijibizana kwa mashairi kwa njia ya posta, barua ikichukua wiki mbili kufika Unguja na jibu lake wiki mbili nyingine. Mwaka 2021 alipigwa na kiharusi. Mguu wa kushoto haukurudi sawasawa. Huenda kwa mkongojo hadi langoni, na mwisho wake ni hapo.

Kwa mtu wa nchi tambarare hilo ni dogo. Kwa mtu wa Rungwe ni kifungo. Huko hakuna pahala pa kwenda pasipo kupanda au kushuka. Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, umekaa mabegani mwa mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000, mlima uliozaliwa na moto, na udongo wake mweusi hauchoki kuzaa. Mvua inayonyesha pale kwa mwaka hupita milimita 2,000. Migomba imesimama hadi milangoni mwa nyumba, chai imetandazwa vilimani kama zulia lililonyolewa, na siku hizi miparachichi inazidi kushika nafasi. Ukungu nao una mamlaka yake. Katika misitu ya mlima huo anaishi kima ambaye wenyeji wakimwita kipunji, na wataalamu hawakumwandika katika vitabu vyao ila mwaka 2005, baada ya kumwona mlimani hapo mwaka 2003. Mtu akikwambia hakuona kitu Rungwe, usimshangae.

Shamba la Mwalimu liko bondeni, chini ya nyumba yake, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Babake alilima buni pale, yeye mwenyewe akapanda chai, na wanawe wameingiza parachichi. Katikati ya migomba kuna makaburi ya wazee wake wawili. Na nyuma ya makaburi ardhi inateremka ghafla hadi kwenye kijito.

Mvua za mwanzo wa mwaka 2024 zilikuwa kali. Mwezi wa Aprili mlima uliporomoka Itezi, jijini Mbeya, ukafunika nyumba za watu. Wiki hizo hizo Mwalimu alisikia usiku mlio kutoka bondeni. Aliniambia kwa simu kwamba haukuwa mlio wa radi, ulikuwa mzito, kama gunia linalotuliwa na mtu aliyechoka. Asubuhi akawauliza watu wake. Wakamwambia ni ukingo kidogo tu umelika, karibu na kijito. Akauliza makaburi. Wakasema makaburi ni salama, Baba, usijisumbue. Akampigia mwanawe aliyeko Dar es Salaam, naye akajibu kwa maneno yale yale, neno kwa neno, kama wimbo uliofundishwa.

"Wananipenda," aliniambia. "Ndiyo maana siwaamini. Njoo na kile kidude cha mpwa wako."

Nilifika kwa basi kutoka Mbeya, kupitia Uyole, nikashuka Tukuyu jioni nikitetemeka ndani ya koti la kuazima. Juni ni kiangazi huko, lakini ni kiangazi cha baridi. Mwalimu alinieleza ratiba ya mbingu kabla hata ya chai: kuanzia alfajiri hadi kama saa tano hali huwa kweupe, kisha mlima huvuta shuka lake, na bonde humezwa. Asubuhi iliyofuata, saa mbili, watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mwalimu aliketi kwenye kiti chake barazani, blanketi magotini, miwani amekwisha kuifuta mara tatu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amearifiwa. Niliiweka droni juu ya jiwe kubwa pana uani, nikakunjua mikono yake minne, nikatia betri, nikabonyeza. Taa zikawaka. Nikasikia mkwaruzo mdogo, nikadhani ni sauti ya baridi. Shemeji akaniita kwenye chai, nami nikaenda, nikijiambia kwamba kifaa kinahitaji muda wa kuzitafuta setilaiti zake. Hilo ni kweli. Nilikaa dakika kumi nikisifia maziwa ya huko.

Niliporudi, kioo cha rimoti kilikuwa na mstari mwekundu: mota ya gimbali imeelemewa. Nikainama. Kifuniko kilikuwa kimekaa mahali pake, kimetulia, kama mgeni asiyejua kwamba arusi imekwisha. Mkono niliogusa nao ulihisi joto.

Nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kuizima kwanza, nilikivuta kifuniko droni ikiwa inawaka. Kamera ikaruka kama samaki aliyeponyoka, ikagonga mwili wa ndege, kisha ikainamisha kichwa upande mmoja na kubaki hivyo. Na kosa la tatu halikuwa la mkono. Niliangaza kulia na kushoto, nikakitia kifuniko mfukoni mwa koti.

Kisa cha tarehe 30 Oktoba 1935 nilikuwa nikikijua, maana mpwa wangu alinihadithia uwanjani. Siku hiyo huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne iliruka mbele ya maofisa wa jeshi, ikanyanyua pua mno, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani Ployer Hill alifariki, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa kampuni, akamfuata. Injini zote zilikuwa nzima. Kilichowaua ni kufuli la kuzuia mabawa ya mkiani yasipigwepigwe na upepo ndege ikiwa chini, lilikuwa halijafunguliwa. Kutokana na ajali hiyo marubani wakaandikiwa orodha ya mambo ya kuangalia kabla ya kuruka, kwa sababu ilionekana kwamba ustadi mwingi hauzuii kusahau. Nilikumbuka hayo yote nikiwa nimesimama uani, na hayakunisaidia kitu. Hofu yangu wakati ule haikuwa ya mota. Ilikuwa ya uso wangu.

Nikapiga simu Unguja.

"Shikamoo, Mjomba. Imeruka?"

"Marahaba, mwanangu. Inasema mota imeelemewa."

Akanyamaza. Ulikuwa unyamavu mfupi wa mtu anayejua. Kisha akauliza kwa upole, "Kifuniko ulikitoa kabla ya kuwasha, Mjomba?"

"Nimekitoa zamani," nikasema. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kifuniko.

Msomaji wa kwetu ataelewa kilichotokea baada ya hapo. Mgeni huenda asielewe. Kijana yule ni fundi. Angekuwa anazungumza na rika lake angesema: unadanganya, kifuniko kilikuwepo, izime. Lakini mjomba amesema kimetoka zamani, na neno la mjomba haliangushwi chini mbele ya watu. Basi akafanya kile ambacho adabu yake ilimruhusu. Akaliacha jibu la kweli pembeni, akaanza kuzitafuta sababu nyingine moja moja, kwa uaminifu mkubwa, kana kwamba alikuwa anaziamini.

"Uko juu ya nini, Mjomba?" Jiwe, nikasema. Akaniambia mawe ya milima ya moto yana madini ya chuma ndani yake na yanaweza kuichanganya dira. Niondoke hapo, niende mbali na jiwe na mabati, niisawazishe dira upya. Kuisawazisha dira ya droni ni kuibeba mikononi na kuzunguka nayo, kwanza imelala, kisha imesimama kwa pua. Nikazunguka katikati ya majani, mzee wa miaka sitini na sita, kama bwana arusi anayecheza peke yake. Watoto walifurahi mno. Dira ikakubali. Mstari mwekundu haukuondoka.

Akauliza baridi. Tukaifunga betri katika kanga ya shemeji, tukaiweka jikoni karibu na meko ipate joto. Akauliza kadi ya kumbukumbu. Tukaibadilisha. Akauliza programu kama imepitwa na wakati, nami nikanunua bando na kuketi kwenye kona moja ya ua ambako mtandao hupita, nikitazama mstari wa asilimia ukitambaa. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Mara mbili katika muda huo alinifungulia mlango nitoke, na mara mbili niliusukuma ukafunga. Mara ya kwanza alisema, "Mjomba, wakati mwingine kifuniko hujirudia chenyewe kwenye begi, mtu asijue." Mara ya pili akasema hata yeye, tena mwaka jana tu, aliwahi kusahau. Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona haya kuliko ninavyoona haya kwa uongo wenyewe.

Mwalimu alikuwa kimya muda wote huo barazani. Mlimani ukungu ulianza kushuka, shina moja moja likifutika. Hapo akanigongea mkongojo sakafuni, mara mbili, kama alivyokuwa akigonga meza darasani.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "na kile ulichotia mfukoni asubuhi ni kitu gani?"

Sikuwa na la kujibu. Nikakitoa, nikamwonyesha. Akakitazama kwa muda, hakucheka.

"Mwambie kijana," akasema. "Na wewe usiwe kama watoto wangu."

Nikapiga simu mara ya nane siku ile. Nilisema sentensi moja: niliiwasha na kifuniko, nikakaa dakika kumi, nikakitoa ikiwa inawaka. Nilisubiri agune. Alichosema ni "Haya, Mjomba," na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyetua mzigo. Kuanzia hapo matengenezo yalichukua muda mfupi mno.

Kwanza akaniamuru, naam, akaniamuru, niizime na kuiacha ipoe. Kisha nitazame vipira vinne vidogo vinavyoishikilia gimbali isipate mtikisiko wa injini. Kimoja kilikuwa kimechomoka tunduni pale kamera iliporuka. Nikakirudisha kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikiwa nimevaa miwani yangu na juu yake ya Mwalimu. Kisha niusogeze mkono wa kamera kwa ncha ya kidole, juu, chini, upande, niskie kama unakwaruza. Haukukwaruza. Kisha niuangalie utepe wa nyaya kama umekunjika. Haukukunjika. Nikaiwasha. Kamera ikainua kichwa, ikatazama huku na huku, ikatulia, na mstari mwekundu ukatoweka. Watoto wakapiga makofi. Lakini Mwalimu, niliyemsogezea kioo, alikunja uso.

"Mbona mlima umeegemea?"

Ulikuwa umeegemea kweli. Gimbali ilikuwa imepoteza ulalo wake, na picha yote ilikuwa imelala kwa nyuzi kadhaa upande wa kushoto. Nilitaka kusema si kitu, tutauona tu bonde. Yeye akakataa. "Mimi nataka kujua mteremko," akasema. "Picha iliyoinama itaniongopea mteremko."

Ili kamera ifundishwe upya ulalo, droni lazima iwekwe mahali palipo sawa kabisa. Nendeni Tukuyu mkatafute mahali palipo sawa! Ua ulikuwa umeteremka, baraza imejengwa iteremshe maji ya mvua, meza ina mguu mmoja mfupi. Mwishowe mtoto mmoja akatumwa kwa jirani, ambako fundi mwashi alikuwa anajenga, akarudi na fundi mwenyewe na pima maji yake. Fundi yule hakuuliza swali hata moja. Aliilaza pima maji mezani, akachomeka kipande cha gunzi chini ya mguu mfupi, akaigeuza upande wa pili, akaongeza kipande cha boksi, mpaka kile kipovu kikakaa katikati ya alama zake mbili. Nikaiweka droni. Kamera ikafanya ngoma yake polepole, asilimia zikapanda hadi mia moja. Ilibaki kasoro kidogo sana, nami nikaiondoa kwa mkono katika mipangilio, nikiilenga kamera kwenye mkanda wa zege wa nyumba ile ile inayojengwa, ambao fundi aliniapia kuwa uko sawa.

Ilikuwa saa sita kasoro. Tulipoinua macho, bonde halikuwapo. Palikuwa na weupe tu, na sauti ya kijito chini yake.

Siku ile hatukurusha. Basi langu lilikuwa la kesho yake saa nne. Jioni tulikula ndizi kwa maharage, tukazungumza habari za marafiki waliotangulia, na hakuna aliyetaja kifuniko. Kabla ya kulala Mwalimu aliniuliza kama ninamkumbuka mkufunzi wetu mmoja, aliyekuwa akisoma mashairi yetu kwa sauti na kunyamaza pale tulipodanganya mizani kwa kurefusha neno. Hakuwa akisema kitu. Alikuwa akinyamaza tu, darasa zima likasikia. Nikasema namkumbuka.

Nililala vibaya. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uani, meza imesawazishwa tena, kifuniko nimekiweka mbele ya macho yangu juu ya sahani ya chai. Anga ilikuwa safi kama kioo. Mlima Rungwe ulisimama wote, wima. Mwalimu aliletwa na kiti chake hadi pembeni yangu, nikamkalisha mahali ambapo kivuli cha kofia yake kingeangukia kioo.

Droni ikapanda, ikalia kama nyuki, ikateremka na bonde. Tuliona chai. Tuliona miparachichi ya wanawe imepangwa kwa mistari, naye akasema wameipanda karibu karibu mno. Tukaona paa la banda. Kisha migomba, na katikati yake vitu viwili vyeupe vilivyolala sambamba. Nikashusha kamera.

Ukingo haukuwa umelika "kidogo tu". Kipande kizima cha shamba kilikuwa kimeondoka, chekundu na kibichi bado, kama mkate uliomegwa na mtu mwenye njaa. Mstari mzima wa migomba wa upande wa kijito ulikuwa umelala chini majini. Makaburi yalikuwapo. Hilo hawakumdanganya. Lakini kutoka kaburi la mamake hadi ukingoni nilihesabu kwa kulinganisha na migomba, naye alihesabu kwa kimya chake, na sidhani kama palifika hatua sita.

"Zungusha," akasema. Nikazungusha. "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Alitazama muda mrefu hadi betri ikaanza kulalamika. Niliogopa mkono wake, maana ulikuwa unatetemeka. Lakini ndio ule ule wa kushoto unaotetemeka siku zote.

"Basi," akasema. "Sasa najua."

Nikairudisha ndege. Yeye alikuwa amekwisha kuomba simu. Alimpigia mwanawe, akazungumza Kinyakyusa, bila kupandisha sauti. Mimi katika lugha hiyo sijui zaidi ya ndaga, na ndaga sikuisikia mpaka mwisho. Shemeji ndiye aliyenifasiria baadaye: amesema matete yapandwe ukingoni wiki hii, mtaro wa maji uelekezwe pembeni, na kabla ya mvua za Novemba ukoo ukutane uamue kuhusu makaburi. Na kwamba mtu asimwambie tena jambo lolote ni salama kabla ya kulipima kwa hatua.

Saa nne nilikuwa kwenye basi, begi la droni mapajani, sikuthubutu kuliweka juu.

Mpwa wangu alinipokea bandarini. Nyumbani alilifungua begi kama daktari, akaiwasha droni mezani, akaitazama kamera ikigeuka, akaupima upeo kwa kingo za dirisha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza tena habari ya kifuniko, nikitaka niombe radhi kwa mdomo, ana kwa ana, lakini akanikatiza kwa kuniuliza hali ya Mwalimu, nikamweleza. Alisikiliza huku akikichezea kifuniko vidoleni. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kipande cha kitambaa chekundu, kirefu kama shubiri, akakifunga kwenye kifuniko kwa fundo la wavuvi ili kining'inie nje.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Wateja wengine husahau, Mjomba," akasema, akaenda kuitia betri chaji.